Dua ya Mchezo Uliokwisha

Jioni ya Februari 22, 1980, katika mji mdogo wa Lake Placid ulioko milimani kaskazini mwa jimbo la New York, vijana wa Marekani, wengi wao wakiwa wametoka katika timu za vyuo vikuu, waliteremka barafuni saa kumi na moja kushindana kwa magongo na timu ya Urusi ya Kisovieti, ambayo ilikuwa imetwaa dhahabu katika Olimpiki nne mfululizo za majira ya baridi, na ambayo siku 13 tu kabla ya hapo iliwafunga vijana hao hao mabao 10 kwa 3 mjini New York. Yaliyotokea yanajulikana. Wamarekani walishinda mabao 4 kwa 3, bao la ushindi likitiwa na nahodha wao Mike Eruzione zikiwa zimesalia dakika 10, na mtangazaji Al Michaels, nukta za mwisho zilipokuwa zikihesabika, akawauliza watazamaji kama wanaamini miujiza, kisha akajijibu mwenyewe kwamba naam. Lakini liko jambo lisilozingatiwa sana, ambalo kwangu lina uzito kuliko mabao yote saba, nalo ni kwamba watu waliolisikia swali lile majumbani mwao Marekani walilisikia mchezo ukiwa umekwisha kitambo; kwani shirika la televisheni la ABC lilitaka mchezo usogezwe hadi saa mbili za usiku, wakati ambapo watu wengi wamekwisha rejea nyumbani, Wasovieti wakakataa kwa sababu saa hiyo mjini Moscow ingekuwa ni saa kumi ya alfajiri, na hivyo mchezo ukachezwa kwa wakati wake na ukaonyeshwa usiku kwa kanda.

Hebu msomaji amfikirie mtu mmoja tu katika halaiki ile, mtu wa dini, mwashi labda au mkulima, aliyerudi kazini akala chakula chake, akaketi mbele ya televisheni pamoja na wanawe, na kwa dakika 10 zile za mwisho, Wasovieti wakishambulia bila kusita, akainamisha kichwa na kumwomba Mungu bao lile lisirudishwe. Wakati midomo yake inatikisika wachezaji walikwisha koga na kuvaa nguo zao za kawaida, alama za viatu vyao zilikwisha futwa barafuni, na habari ilikwisha fika mbali. Dua yake ilikuwa dua ya nini? Ilikuwa ni maombi mbele ya Mola, au ilikuwa ni pumzi iliyopotea hewani kama sauti ya mtu amwitaye msafiri ambaye jahazi lake limekwisha tweka?

Wapo watakaoona kwamba swali hili ni dogo mno kwa jambo kubwa kama dua, na kwamba si adabu kuichanganya ibada na michezo ya watu wa nchi za barafu. Mimi nadhani kinyume. Asubuhi ya Septemba 10, 2011, Unguja na Pemba zilipoamkia habari kwamba meli ya Spice Islander imezama usiku karibu na Nungwi, watu walikimbilia pwani wakimwomba Mwenyezi Mungu watu wao wawe miongoni mwa waliookoka. Na ilhali waliookoka walikuwa wamekwisha okoka na waliozama wamekwisha zama, hakuna mtu mwenye moyo aliyethubutu kuwaambia wale akina mama kwamba wanaomba bure. Swali ni lile lile. Katika mchezo tunaweza kulitazama kwa utulivu ambao msiba hautupi.

Nalo ni swali la zamani. Mishna, kitabu cha sharia za Mayahudi kilichokusanywa yapata mwaka 200, kinamtaja mtu arudiye safarini akasikia mayowe mjini akaomba yasiwe yanatoka nyumbani kwake, na hukumu yake ni kali: hiyo ni dua ya bure, kwa sababu mayowe yamekwisha toka yalikotoka. Mwaka 1964 mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, ambaye alikuwa Mkatoliki, aliandika makala akiipinga fikira hiyo, na mfano wake utamgusa kila mtu wa pwani: baba asikia redioni kwamba meli imezama baharini saa mbili zilizopita, mwanawe alikuwamo, naye papo hapo aomba mwanawe awe amenusurika. Hoja ya Dummett ni kwamba Mungu aliyejua tangu zamani kwamba baba huyu ataomba anaweza kuwa alikwisha mjibu kabla hajaomba, na kwa hiyo baba hamtaki Mungu ayageuze yaliyopita bali ataka yaliyopita yawe yalikuwa hivyo. Na karne nyingi kabla yake Imamu Ghazali, alipoulizwa dua ina faida gani maadamu kadari haizuiliki, alijibu kwamba dua yenyewe ni sehemu ya kadari, kama ngao ilivyo sababu ya kuuzuia mshale. Aliyeandika mshale ndiye aliyeandika ngao.

Katika mzozo huu mimi nasimama upande wa baba yule. Tofauti ya jana na kesho ni kubwa sana kwetu sisi tuishio ndani ya nyakati, lakini kwa Mola ambaye nyakati zenyewe ni viumbe vyake haiwezi kuwa ukuta; na mtu aombaye kuhusu kesho, akiwa anaamini kwamba kesho nayo imekwisha andikwa, hayuko katika hali tofauti sana na yule mwashi wa Marekani mbele ya televisheni yake. Wote wawili wanaomba kwa jambo ambalo mwisho wake unajulikana mahali, nao hawaujui. Kinachoisimamisha dua ni kutojua kwa mwombaji, wala si mshale wa saa ya ukutani. Siku atakapoujua mwisho dua yake itageuka shukrani au subira, na kabla ya hapo ana haki ya kuomba.

Lakini liko sharti. Kutojua kwa baba yule kulitokana na umbali na bahari, vitu ambavyo havina nia. Kutojua kwa mtazamaji wa kanda hutengenezwa na watu waketio katika chumba wakiwa na matokeo mkononi, watu walioyaficha kwa saa tatu, au saa nane, au kumi, ili wamuuzie muuza sabuni nafasi ya matangazo kwa bei ya usiku. Hapo ndipo swali la dini linapogeuka kuwa swali la uadilifu, na hapo ndipo wapenzi wa michezo ya majira ya baridi wamekuwa wakigombana kwa miongo mingi, kwa maneno makali kuliko yale ya mahakimu wa mchezo wa kucheza ngoma barafuni.

Wamarekani ndio walioumia kuliko wengine, kwa kuwa nchi yao ni pana na Olimpiki nyingi hufanyika mbali nao. Mwaka 1994, mashindano yalipokuwa Lillehammer nchini Norwei, usiku wa Februari 23 ambao Tonya Harding na Nancy Kerrigan walishindana barafuni, baada ya Kerrigan kupigwa rungu gotini mwezi mmoja na zaidi uliotangulia, ulitazamwa katika asilimia 48.5 ya nyumba za Marekani zenye televisheni, na yote yale waliyoyatazama yalikuwa kanda. Mwaka 2010 jambo lilifikia upeo wake, kwani Olimpiki ilikuwa Vancouver, mji ambao saa yake ni moja na saa ya Seattle, na mwendo wa kutoka mmoja hadi mwingine ni wa asubuhi moja kwa gari; hata hivyo mtu wa Seattle alingoja saa tatu kuyaona usiku mambo ambayo watu wa New York, walio upande wa pili wa bara, walikuwa wamekwisha yaona. Ni mwaka 2018 tu, kwa mashindano ya Pyeongchang nchini Korea Kusini, ndipo shirika la NBC lilipoyaonyesha matangazo yake makuu ya usiku kwa wakati mmoja katika majira yote ya saa ya nchi ile.

Nimewasikiliza walalamikao na watetezi, nami siwezi kuwapa ushindi wote walalamikao. Si kila mtu anaweza kuacha kazi adhuhuri aende kutazama mbio za skii, na mtu afanyaye kazi mchana kutwa ana haki ya kuwekewa sahani yake hata kama chakula kilipikwa mapema. Watu wa Kenya wa umri fulani watakumbuka kipindi cha Football Made in Germany, kilichowaletea michezo ya Ujerumani kwa sauti ya Toby Charles muda mrefu baada ya michezo hiyo kuchezwa, na katika nyumba nyingi kipindi kile kilitazamwa kwa shangwe isiyo na upungufu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa uongo: kila mtu alijua kwamba habari imepata umri, wala furaha haikuondoka kwa kujua hivyo. Wapo hata wapenzi ambao kwa hiari yao hujitenga na habari siku nzima, hawafungui gazeti, huwaziba marafiki midomo kwa kuwaambia wasiwaambie kitu, ili usiku wautazame mchezo kwa moyo mtupu. Na kumvunjia mtu kama huyo saumu yake kwa kumropokea matokeo njiani ni ukorofi, ingawa alichoambiwa ni kweli tupu. Hata kanda yenyewe imewahi kuwa shahidi wa haki: kwenye Olimpiki ya Squaw Valley mwaka 1960, mahakimu wa slalomu waliposhindwa kukubaliana kama mtelezaji mmoja aliuruka mlango, waliwaomba watu wa CBS wawaonyeshe picha zilizohifadhiwa.

Basi sioni dhambi katika kuchelewesha. Dhambi iko katika kuchelewesha na kujifanya hujachelewesha. Na kwa insafu yapasa kusemwa kwamba usiku ule wa Lake Placid, Jim McKay aliyekuwa mwenyeji wa matangazo aliwaambia watazamaji waziwazi, kabla ya picha kuanza, kwamba mchezo umekwisha chezwa na kwamba wameahidi kutoyatoboa matokeo. Alifanya wajibu wake. Wengi walisahau neno lile, na wako hadi leo washikiliao kwamba waliutazama mchezo ule ukichezwa, lakini hao walijisahaulisha wenyewe kwa nguvu ya mapenzi, na dua zao nazihesabu kuwa dua safi. Aliyefichwa kwa makusudi ndiye aliyedhulumiwa, kwa sababu aliyemficha ameichukua taraja yake, kitu ambacho mtu humtolea Mungu, akakifanya mtaji wa biashara.

Ningalikomea hapa kama yasingalikuwapo madhara mengine, yasiyoonekana kwa upesi, ambayo nayaona kuwa mabaya zaidi. Aliyeujua mwisho hawezi tena kutazama kama asiyeujua. Mhariri aketiye na kanda ya saa nne na kutakiwa atoe dakika 40 huuliza swali moja, nani alishinda, kisha hurudi nyuma akiokota kila kilichouelekea ushindi ule na kukiacha kila kisichouelekea; na ndipo wapenzi wa mbio za skii hulalamika kwamba wameonyeshwa watu watano katika washindani 90, kana kwamba wale wengine walikuwa miti ya kando ya njia. Mbio hizi kwa asili yake haziko hivyo. Washindani wengi hawaanzi pamoja. Huondoka mmoja mmoja, mara nyingi kwa nafasi ya nukta 30, hata mtu ashindane na mlima, na pumzi zake mwenyewe, na muda wa watu asiowaona, na kiongozi wa sasa akae chini akingoja kwa hofu kila anayefuata. Kuitazama mbio kama hiyo ipasavyo ni kukubali kwamba yeyote ajaye anaweza kuwa ndiye.

Wala ugonjwa huu si wa kanda peke yake, kwani huwapata hata watangazao papo kwa papo wakijidhania kuwa wanaujua mwisho. Februari 17, 2018, huko Korea, wanawake waliposhindana katika mteremko wa super-G, washindani waliotarajiwa walikwisha pita na Anna Veith wa Austria akawa mbele ya wote, basi watangazaji wa NBC wakamtaja kuwa mshindi na kamera zao wakazielekeza kwenye mashindano ya kuteleza kwa madaha barafuni. Ndipo akateremka mtu wa 26, Ester Ledecká wa Ucheki, ambaye watu walimjua zaidi kwa ubao wa theluji kuliko kwa skii, na alipovuka mstari muda wake ulikuwa mdogo kuliko wa Veith kwa sehemu moja ya mia ya nukta. Yeye mwenyewe alisimama akilitazama bao la saa kwa mshangao, akidhani limekosea na kwamba punde litasahihishwa. Alikuwa ametwaa dhahabu, na jicho la taifa zima lilikuwa limegeuzwa upande mwingine kwa yakini isiyokuwa na msingi. Nami ni mtu wa pwani, siwezi kuitaja mbio ile bila kuongeza kwamba katika theluji hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, alikuwamo Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyepelekwa Austria akiwa mtoto wa miaka mitatu, msichana wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika skii za mteremko kwenye Olimpiki. Zilipogeuzwa kamera kwa sababu mshindi amekwisha julikana, waliogeuziwa mgongo ni watu kama yeye.

Na hapa nataka kukaa kidogo na habari ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote. Februari 12, 1998, katika theluji ya Hakuba, kwenye Olimpiki ya Nagano nchini Japani, Bjørn Dæhlie wa Norwei alizimaliza kilomita 10 kwa dakika 27 na nukta 24, akapata dhahabu yake ya sita, idadi ambayo hakuna mwanamume aliyeifikia kabla yake katika michezo ya majira ya baridi. Kwa kila aliyeutafuta mwisho, huo ulikuwa mwisho. Lakini njiani alibaki Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, ambaye theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kufundishwa, akianguka na kuinuka, akisukuma skii zake peke yake baada ya wenzake wote waliomaliza kuingia. Utoaji wa nishani ulikuwa tayari. Dæhlie akakataa kuondoka penye mstari. Akangoja, na sherehe ikangoja pamoja naye, hata Boit alipofika, dakika 20 baada ya mshindi, wa 92 na wa mwisho katika waliomaliza, na bingwa yule akamkumbatia. Boit baadaye alipompata mtoto wa kiume alimwita Dæhlie.

Nimejiuliza mara nyingi kama tungaliyaona yale laiti mbio ile ingalikabidhiwa kwanza mhariri aliyekwisha soma matokeo, asiyetafuta ila nani alishinda. Nadhani asingalikosa kumkata Boit, si kwa uovu, bali kwa kuwa mtu wa 92 hana mahali katika hadithi ya mtu wa kwanza. Kilichomwokoa ni kwamba mshindi mwenyewe, aliyeujua mwisho kuliko wote kwa kuwa ulikuwa wake, hakuufanya kuwa sababu ya kuacha kutazama. Alisimama katika baridi, jasho likimkauka mwilini, kumngojea mtu ambaye kufika kwake hakungebadili chochote katika daftari la mahakimu.

Nami katika kusimama kule nalipata jibu la jambo lililonisumbua kuhusu yule mwashi na dua yake. Tunapoambiwa kwamba Mola anaujua mwisho wa kila jambo, huja fikira ya kutisha kwamba basi hana haja ya kututazama, kama sisi tusivyo na haja ya kumaliza mbio ambazo matokeo yake tumekwisha yasoma gazetini; na fikira hii, nakiri, imewahi kunikosesha raha katika sala. Lakini huko ni kumpimia Mungu kwa kibaba cha mhariri. Ujuzi wetu wa mwisho ni mwembamba, hujua nani alishinda tu, na wembamba huo ndio utufanyao tugeuze jicho. Yeye ajuaye mwisho pamoja na kila hatua, kila kuanguka na kila kuinuka kwa mtu wa 92, ujuzi wake haumpunguzii kuangalia hata kidogo, wala hakati mtu. Kwa hiyo mwashi yule hakuomba mbele ya kanda. Aliomba mbele ya Mwenye kuona, ambaye kwake dakika 10 zile hazijawahi kuwa zimepita.

Kwa wenye mashirika na kamera ninalo ombi, nao wengi wao ni watu waipendao kazi yao. Mkichelewesha, semeni kwamba mmechelewesha, kama McKay alivyosema, na muutaje wakati wenyewe. Na mshindi akijulikana, msiondoke mlimani. Iacheni kamera moja mstarini hata aingie mtu wa mwisho, na sisi tulio nyumbani tutamngoja.